Ndege ya Baba Lucy

Sanduku lilishushwa kutoka kwenye basi la Mbeya mchana, mvua ikinyesha ile ya Kyela inayoanza kama salamu na kuishia kama ugomvi. Lilikuwa la mbao nyembamba, refu kumpita mtu mzima, na limefungwa kwa mikanda ya plastiki. Wapiga debe wawili walilitoa kwenye buti wakilalamika, ingawa halikuwa zito, huku Gelasius akiwazunguka kama kuku mwenye vifaranga.

"Taratibu, ndugu zangu. Msilisimamishe. Msilikalie."

"Kuna nini humu, mzee?"

"Vitu vya nyumbani," alisema Gelasius, akatazama pembeni.

Gelasius alikuwa mpima ardhi wa halmashauri, mtu wa makamo mwenye miwani mizito na kitambi alichokiita mwenyewe jiwe la mpaka, kwa kuwa kikishasimikwa hakihami. Kwao ni Sumbawanga. Serikali ilikuwa imemhamisha wilaya baada ya wilaya mpaka ikamtua Kyela, ambako alishinda akipima viwanja kwenye tope na jioni akirudi nyumbani kuota kitu kimoja tu. Kitu hicho sasa kilikuwa ndani ya sanduku.

Dickson, dereva wa bajaji ya mizigo, alilikagua turubai lake na kukuta lina matundu kama kichujio. Gelasius hakutaka tone hata moja liguse mzigo wake. Akakimbia kwenye kibanda cha jirani, akanunua shuka la kwanza aliloliona, wakalifunika sanduku vizuri na kulifunga kamba. Shuka lilikuwa jeupe. Kisha akapanda nyuma, akaketi kando ya sanduku, akaweka mkono juu yake lisitikisike, akainamisha kichwa kwa sababu ya mvua.

Walipopita sokoni, mafundi cherehani walisimama. Bodaboda mmoja alizima injini. Mzee aliyekuwa akiuza miwa alivua kofia na kuishika kifuani.

Gelasius aliona, na alielewa. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yake ya kuokoka. Angeweza kucheka, akafunua shuka, akapaza sauti kwamba hakuna msiba. Lakini angesema ni nini? Kwamba afisa wa serikali mwenye mvi ameagiza kutoka ng'ambo ndege ya kuchezea? Akamtazama yule mzee wa miwa, akainamisha kichwa polepole, kwa majonzi makubwa, kama mfiwa anayepokea pole. Hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi alivyoliweza jambo hilo.

Aliyemwona akiingia mtaani kwake ni Mama Kisa, jirani yake wa uzio wa pili, mjane mwenye mashamba ya mpunga na kakao kule Makwale na sauti iliyozoea kuongoza kwaya. Mama Kisa alikuwa akianua kakao isilowe. Aliliona sanduku, akaliona shuka, akamwona Gelasius. Kakao ikaachwa palepale ilowe.

Gelasius hakujua hayo. Alikwisha ingiza sanduku sebuleni, akamlipa Dickson, akakata mikanda kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na mbao nyepesi kama biskuti, zimekatwa na mashine kwa umbo la mbavu na uti wa mgongo, injini ndogo ya petroli, vimota vya kusukuma usukani, rimoti, marobota ya plastiki ya rangi, na kitabu cha maelekezo. Akapiga magoti. Alikuwa ameshika ubavu mmoja wa bawa juu ya mwanga wa dirisha, akiunusa, wakati kilio kilipolipuka mlangoni.

Waliingia wanawake wengi, mikeka kichwani, mchele kwenye mabeseni, mkungu wa ndizi, na mbele yao Mama Kisa, mikono kichwani.

"Pole, Baba Lucy! Pole, tata, baba yetu! Ndiyo dunia!"

"Mama Kisa, hapana jamani. Ni ndege."

Mama Kisa alishusha mikono. "Ndege?"

"Ndege, mama. Ndege tu."

"Ajali ya ndege!" Mama Kisa aliwageukia wenzake. "Jamani, mtoto wa watu amekufa kwa ndege!"

Kilio kikapanda mpaka bati likaitika. Gelasius akainuka, ubavu wa bawa mkononi. "Hakuna aliyekufa! Ndege ndiyo iliyomo ndani ya sanduku!"

"Wamemleta pamoja na mabaki ya ndege yenyewe," mwanamke mmoja alimweleza mwenzake, na wote wawili wakaangua upya.

Angeendelea kuwaeleza, na pengine ingebaki hadithi ya kuchekesha tu, kama Georgina asingefika. Georgina mkewe alikuwa mwalimu wa sekondari. Njiani kutoka shule alikutana na watu waliompa pole bila kusema ya nini, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi barabarani. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Lucy, anayesoma uuguzi Dodoma. Georgina alianza kutembea haraka, kisha akakimbia, na madaftari ya wanafunzi yakabaki yametapakaa kwenye tope tangu kwa muuza mkaa hadi getini.

Aliingia. Akaona shuka jeupe. Akaona sanduku.

"Lucy?" alisema.

Gelasius, katika maisha yake, alikuwa amekwisha onekana mjinga mara nyingi, na mara nyingine alijichekesha makusudi ili watu wasimtangulie. Lakini uso ule wa mkewe hakuwa na namna ya kuucheka.

"Lucy mzima," alisema haraka. "Ni ndege, Mama Lucy. Ya… ya kuchezea."

Georgina akakaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya mbao, akalia kilio cha kweli, na wale wanawake waliokuja kulia wakapata angalau mtu wa kumshika. Alipoweza kuzungumza alimpigia Lucy simu, akamuuliza amekula nini, akasikiliza jibu lote kwa makini, akaenda chumbani na kufunga mlango.

Nje, moto ulikuwa umekwisha washwa na sufuria ya wali ilikuwa jikoni. Mama Kisa alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akamtazama Gelasius kutoka utosini mpaka kwenye soksi.

"Wali wa msiba haurudi ghalani," alisema. "Tutakula. Lakini nimekulilia, Baba Lucy. Machozi yangu ya mtu mzima. Kwa hiyo hiyo ndege yako itaruka, na itaruka shambani kwangu Makwale tukishavuna, na mimi nitakuwepo. Isiporuka, utakufa wewe, tusiwe tumepoteza mchele bure."

"Itaruka," alisema Gelasius. "Itaruka na kubinuka hewani. Ndiyo kazi yake."

Hakuna aliyemlazimisha kuongeza hilo la kubinuka.

*

Kusema kweli, Gelasius hakuwahi kurusha kitu chochote isipokuwa jiwe. Alipokuwa kijana aliomba kusomea urubani. Daktari wa macho akamwonyesha ubao wa herufi, naye akasoma kwa ujasiri mkubwa herufi ambazo hazikuwepo. Tangu siku hiyo alizitazama ndege kwenye simu, video baada ya video, hasa zile kubwa za rimoti zinazochezeshwa angani na wazee wa Ulaya waliovaa kaptula. Zinapanda wima, zinasimama hewani kama zimetundikwa msumarini, zinalala chali. Alijiambia kwamba mtu aliyeweza kuweka mawe ya mipaka katikati ya majaruba, maji yakiwa magotini, hashindwi na rimoti. Kitabu cha maelekezo kilisema katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, kwamba ndege hii si ya wanaoanza. Gelasius aliisoma sentensi hiyo, akaikubali kabisa, na kuwahurumia wanaoanza.

Masika yote aliyamaliza sebuleni. Meza ya chakula ikawa kiwanda, na familia, yaani yeye na mke asiyemsemesha, ikahamia kulia jikoni. Unyevunyevu wa Kyela ulizivimbisha mbao, ubavu ulioingia asubuhi ukakataa jioni. Aliupiga msasa mpaka ukaingia, kesho yake jua likatoka na ubavu ukawa unacheza kama jino la mtoto. Alijifunza kuunganisha siku za mvua na kulia siku za jua.

Siku moja alikuwa akibandika usukani wa mkia kwa supaglu pale hodi ilipobishwa. Ni Bwana Ezra, mkuu wake wa idara, aliyepita kumjulia hali kwa kuwa alisikia habari za msiba zikiwa zimechelewa. Gelasius alinyanyuka kumpokea, na mkono wa kulia ukanyanyuka pamoja na mkia wa ndege. Akaupeleka mgongoni upesi, akatoa wa kushoto.

Bwana Ezra aliutazama ule mkono wa kushoto kama samaki wa juzi.

"Umekasirika nini, Gelasius?"

"Sijakasirika, mkuu. Nimeganda." Akautoa ule wa kulia hadharani, umebeba mkia mzima, akasimama pale kama malaika mwenye bawa moja. Bwana Ezra alikunywa chai yake bila kuuliza kitu kingine. Ofisini, kesho yake, kila aliyempita Gelasius alimpa mkono wa kushoto.

Kisha ikaja plastiki ya rangi, ambayo hubandikwa juu ya mbao kwa pasi ya moto hadi ijikaze. Pasi iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja, ya Georgina. Gelasius alibandika bawa zima jekundu, akalisifu, akairudisha pasi kabatini. Asubuhi Georgina alinyoosha blauzi yake nyeupe ya kwenda kusimamia mitihani, na mstari mwekundu ukaishuka blauzi kutoka begani hadi kiunoni. Alikuja nayo sebuleni, akaitandika juu ya bawa, akaondoka. Gelasius angependelea apigwe.

Mtaani nako hakukuwa shwari. Watu walikwisha jua kwamba mtu wa Sumbawanga anaunda kitu cha kuruka ndani ya nyumba, na Watanzania wote wanajua walivyoambiwa kuhusu watu wa Sumbawanga na usafiri wao wa ungo wa kichawi. Wauza mchele walimpungia mkono. "Baba Lucy, ungo umechakaa?" Mwanzoni alinuna. Baadaye akaona ni heri awahi mwenyewe. "Ungo hauna breki," alijibu, "nimeona bora ninunue wa injini." Walicheka, na mmoja wao alihamia upande wa pili wa barabara kidogo, kwa tahadhari tu.

Ili kujifunza kurusha, Gelasius alikuwa na mchezo kwenye kompyuta unaounganishwa na rimoti ileile. Kila jioni alirusha ndege ya kwenye kioo, na kila jioni iliingia ardhini. Iliingia kwa pua, kwa bawa, mara moja iliingia ikirudi kinyumenyume, jambo ambalo hakuelewa liliwezekanaje. Georgina alikaa upande wa pili akisahihisha madaftari, yale yaliyofutwa tope. Kompyuta ilipiga mlio wa kuanguka, yeye akaweka alama ya vema. Mlio, vema. Mlio, vema. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Hebu nipe hiyo kitu."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mumewe, tangu siku ya sanduku, ambayo hayakuhusu chumvi wala ufunguo. Gelasius alimpa rimoti kwa mikono miwili. Alimweleza kijiti hiki ni cha nini na kile ni cha nini, akaongeza kwamba asikate tamaa, kila mtu huanguka mwanzoni.

Georgina hakuanguka. Aliipaisha ndege polepole, akaizungusha juu ya miti ya kwenye kioo, akairudisha, akaipunguza mwendo, akaitua. Iliruka kidogo kwenye nyasi na kusimama.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Bahati ya anayeanza," alisema Gelasius. "Halafu kompyuta siyo hewa halisi. Hewa halisi ina mambo."

"Sawa." Akachukua kalamu yake. Lakini kesho yake baada ya chakula alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta kabla hajaombwa, na Gelasius ndiye aliyekaa pembeni. Ndivyo walivyoanza tena kuzungumza, mmoja akirusha, mwingine akishauri, na mshauri kwa kawaida hakuwa na la maana. Gelasius aliona wivu. Aliona pia kwamba mkewe anapopiga kona hutoa ncha ya ulimi, kitu ambacho hakuwa amekiona tangu walipokuwa wachumba, akakaa kimya asije akamkumbusha kuurudisha.

*

Mavuno yakaisha, majaruba ya Makwale yakakauka na kubaki mabua mafupi na ng'ombe. Gelasius alipata kibali cha serikali cha kurusha, na Jumamosi moja asubuhi Dickson aliifunga ndege kwenye bajaji ya mizigo, safari hii bila shuka. Mabawa yake yalikuwa mekundu, upana wake ulipita kitanda cha watu wawili, na ubavuni Gelasius alikuwa ameandika Lucy kwa herufi nyeupe. Hakika ilikuwa nzuri. Hata yeye, aliyejua kila mahali palipojazwa gundi kuficha kosa, aliona ni nzuri.

Alikuwa amemwambia Mama Kisa aje na watu wawili watatu. Mama Kisa alikuja na kwaya, na kwaya ilikuja na Makwale.

"Mwagonile, Baba Lucy," alimsalimu kwa Kinyakyusa, akikaa kwenye kiti alichobebewa. "Tumekuja kuona mchele wetu ukiruka."

Uwanja ulikuwa kipande cha barabara ya vumbi kilichonyooka katikati ya mashamba, mfereji mmoja kando yake. Gelasius alikagua kila kitu mbele ya watu, kwa sauti, kama padre. Petroli. Betri. Usukani wa mkia. Kisha vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande huu au ule, ambavyo yeye aliviita masikio. Alisukuma kijiti, masikio yakacheza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwamba yalicheza kinyume, la kushoto likifanya kazi ya la kulia, hilo hakulitazama. Na huyu alikuwa mtu anayelipwa mshahara kwa kujua kushoto na kulia.

Injini ikawaka kwa mlio wa msumeno wa magogo, ng'ombe wakahama. Gelasius akasukuma kijiti cha mafuta. Ndege ikakimbia, mkia ukanyanyuka, na kabla hajajiandaa kuona fahari ikawa angani.

Kwaya ilipiga vigelegele. Gelasius alihisi machozi. Alikuwa amefanya kweli, yeye, kwa mikono hii iliyoganda. Ndege ikaegemea kushoto kidogo, kwa upepo. Akairekebisha kulia. Ikaegemea kushoto zaidi. Akasukuma kulia kwa nguvu, nayo ikalala ubavu kabisa, bawa moja likielekea mbinguni na jingine likielekea kwa Mama Kisa.

Aliyajua yote yaliyoandikwa kitabuni, lakini yote yalitoka kwa mpigo na kukwama mlangoni, na kidole gumba chake kikaendelea kusukuma kulia, kulia, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba isiyo na watu.

"Inafanya kinyume!" Georgina alikuwa begani kwake. "Baba Lucy, inafanya kinyume. Nipe!"

"Subiri, naanza kuielewa…"

"Gelasius!"

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Lucy azaliwe. Akatoa rimoti.

Georgina alisukuma kushoto, na ndege, ikiwa imebakiza urefu wa mgomba mmoja kugusa mabua, ikaja kulia, ikajinyoosha, ikapaa. Watu waliokuwa wamelala chini waliinuka wakijipangusa. Aliizungusha mara moja, pana, kila kitu akikifanya kinyume, ncha ya ulimi nje. Baadaye Gelasius alimuuliza aliwezaje, akamjibu kwamba mtu anayejisuka nywele mwenyewe mbele ya kioo amezoea mkono wa kushoto kuwa wa kulia, na kwamba wanaume wangejua hilo kama wangekuwa na nywele.

Kisha akavuta kijiti zaidi ya alivyokusudia. Ndege ikapanda wima, ikaendelea kuvutika, ikalala chali juu kabisa, herufi zake nyeupe zikisomeka kichwa chini, ikashuka upande wa pili na kutoka sawasawa pale ilipoingilia. Duara kamili.

"Imebinuka!" Mama Kisa alisimama juu ya kiti chake. "Alisema itabinuka! Imebinuka!"

"Nilivuta sana," alinong'ona Georgina. Jasho lilimtiririka. "Naitua. Usiniguse, usinisemeshe."

Ndege ikashuka kwa mbali juu ya majaruba, ikapunguza mlio, ikagusa vumbi, ikaruka mfereji, ikagusa tena, ikatambaa na kusimama ng'ambo, propela ikizunguka pole mpaka ikakoma. Nzima. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Ni furaha iliyomponza Gelasius. Hakuwa amekimbia kwa miaka, lakini alikimbia, mikono juu, akiita jina la binti yake, kwaya nzima ikimfuata kwa vigelegele. Aliukumbuka mfereji alipokuwa tayari hewani juu yake. Mguu mmoja uliuvuka. Wa pili ulibaki ukingoni, mwili ukaenda bila huo, na lile jiwe la mpaka la tumboni, pamoja na goti lililolitangulia, likatua katikati ya bawa la kushoto.

Mlio wake ulisikika mpaka kwenye kiti cha Mama Kisa. Ulikuwa kama mtu amekalia kapu la mikate mikavu.

Watu walifika na kusimama. Gelasius alikuwa amelala ndani ya bawa lake, plastiki nyekundu imemzunguka kiunoni, uso kwenye mabua. Ndege iliyokoswakoswa na ardhi angani ilikuwa imeuawa ikiwa imeegeshwa, na aliyeiunda. Alingoja aibu imfike. Ilifika. Lakini nyuma yake alisikia sauti aliyodhani ni kilio, akageuka kwa hofu, na kumbe ni Georgina. Alikuwa amekaa chini barabarani, rimoti mapajani, akicheka mpaka hana pumzi, akijaribu kusema kitu na kushindwa. Mama Kisa alimshika bega, naye akaambukizwa, na kutoka kwake kicheko kikaenda kwaya nzima, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi.

"Baba Lucy," Georgina aliweza kusema mwishowe, "umeumia?"

"Kidogo. Goti. Na cheo."

"Ndaga fijo," alisema Mama Kisa, akijifuta macho kwa kitenge. "Asante sana, tata. Hapa hatudaiani. Ila mkiitengeneza, mrushaji awe mwalimu. Wewe ukae mbali, ufungwe pamoja na ng'ombe."

*

Kutengeneza bawa kulimchukua Gelasius kiangazi chote, na kwa mara ya kwanza alifanya kazi bila kukosea sana, labda kwa kuwa hakuwa akijitengenezea mwenyewe. Masikio aliyaunganisha upya. Aliyajaribu, akamwita Georgina ayajaribu, akamwita Dickson barabarani naye ayajaribu. Mkewe alimnunulia pasi yake, ya bei rahisi, akaiandikia jina.

Walipoipeleka tena haikuwa Makwale, bali Matema ziwani, ambako mchanga ni mpana na milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja kama ukuta. Hawakumwambia mtu. Wavuvi wachache wa Kikisi waliokuwa wakitengeneza nyavu waliinua vichwa, wakatazama, wakarudia nyavu zao. Georgina aliirusha juu ya maji, akaipandisha wima, akaibinua, safari hii kwa kukusudia, na Gelasius alisimama nyuma yake akitazama juu, mkono umekinga miwani. Alikuwa mwenye furaha kwa namna ambayo hakuipanga. Alikuwa amejenga kitu kilichokuwa kinacheza angani, na aliyekichezesha alikuwa anajua.

"Punguza mwendo kidogo," alisema.

"Nyamaza."

Baada ya muda Georgina aliiweka ndege sawa, juu kabisa, ikifuata ufuko taratibu, akamsogezea rimoti bila kuondoa macho angani.

"Shika."

"Hapana, Mama Lucy. Tunayajua yaliyotokea."

"Shika. Iko juu, haina cha kugonga. Usifanye kitu chochote, ishike tu."

Aliishika. Vidole vyake vilitetemeka, na mbali juu ya maji ya bluu ndege nyekundu nayo ilitetemeka, kidogo sana, kwa kiasi kilekile. Hakufanya kitu chochote. Iliendelea kwenda mbele, nyoofu, kutoka juu ya mtumbwi mmoja mpaka juu ya mtumbwi mwingine, na umbali wote huo rubani alikuwa Gelasius. Kisha akaona mlima unakaribia.

"Kona," alisema haraka. "Kona chukua wewe."

Georgina akaichukua.